Usianze na Namba: Mwongozo wa Kupima Kazi ya Kupachika Dawa kwenye Protini

Ukiletewa ripoti ya kupachika molekuli za dawa kwenye protini kwa kompyuta, utaonyeshwa jedwali kwanza. Safu moja ina majina ya molekuli, nyingine ina namba zenye alama ya kutoa: -7.2, -8.4, -9.6. Mwandishi atakuambia kwamba namba ikizidi kushuka molekuli inashika zaidi, na kwamba mshindi wake ameipita dawa iliyoko madukani. Liache jedwali hilo kwanza. Kazi njema na kazi mbovu huzaa majedwali yanayofanana, kwa sababu programu haikatai kazi: ukiipa mfuko usio sahihi na molekuli isiyo sahihi bado itatoa namba, tena yenye desimali. Ubora umo katika yale yaliyofanyika kabla namba haijatoka, na katika mitihani ambayo mwenye kazi alikubali kujipa akijua kwamba anaweza kuanguka.

Kazi yenyewe ni hii. Protini, iwe ya kimelea au ya mwili wetu, ina mifuko, na dawa nyingi hufanya kazi kwa kuingia katika mmojawapo na kuuziba. Emil Fischer alilieleza jambo hilo kwa mfano wa kufuli na ufunguo mwaka 1894, wakati hakuna aliyekuwa ameona umbo la protini hata moja. Mwaka 1982 Irwin Kuntz na wenzake wa San Francisco walichapisha njia ya kutafuta kwa hesabu jinsi molekuli inavyoweza kukaa ndani ya mfuko, na programu yao ikaitwa DOCK. Leo zipo nyingi: AutoDock na Vina zilizotoka Scripps huko California, GOLD ya Uingereza, Glide ya kampuni ya Schrödinger. Zote hufanya mambo mawili. Huigeuza na kuikunja molekuli ndani ya mfuko ili kupata mkao, kisha huupa kila mkao alama. La kwanza huliweza vizuri kiasi. La pili huliweza kwa shida, na anayeijua kazi hii hasahau tofauti hiyo.

Nitatumia mfano mmoja unaotuhusu. Vidonge vya SP ambavyo wajawazito hupewa kliniki kujikinga na malaria vina pairimethamini ndani yake, dawa iliyotoka katika maabara ya George Hitchings na Gertrude Elion, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Pairimethamini huingia katika kimeng'enya cha Plasmodium falciparum kiitwacho DHFR na kukizuia kisimsaidie kimelea kutengeneza DNA yake. Tanzania Bara iliifanya SP kuwa dawa ya kwanza ya kutibu malaria mwaka 2001, baada ya klorokwini kushindwa. Mwaka 2006 nayo ikaachwa, ikaingia dawa mseto, kwa sababu vimelea vilikuwa vimezoea. Mwaka 2003 watafiti wa Thailand walichapisha umbo la kimeng'enya hicho, dawa ikiwa ndani yake. Tangu hapo tunajua atomu ipi inagusana na ipi, na mabadiliko yapi ya kimelea yanaikosesha dawa mshiko. Hakuna uwanja bora zaidi wa kumpima mtu anayesema anaweza kupachika dawa za malaria.

Anza basi kwa kuuliza umbo la protini limetoka wapi. Jibu linalokubalika ni utambulisho wa tarakimu na herufi nne wa Protein Data Bank, hazina iliyoanza mwaka 1971 ikiwa na maumbo saba na ambayo leo ina zaidi ya laki mbili. Ripoti isiyoutaja iweke kando. Ikiutaja, fungua mwenyewe uangalie ubainifu. Umbo lililopatikana kwa eksirei kwa ubainifu wa angstromu 2 au pungufu huonyesha maji na minyororo ya pembeni kwa uwazi. Likifika 3, mengi ya hayo yamekisiwa na aliyelichora, na pengine dawa yenyewe imechorwa mahali ambapo ramani ya elektroni haionyeshi kitu. Fundi mzuri huiangalia ramani ile, wala haridhiki na mchoro peke yake. Umbo lililobashiriwa na programu ya akili bandia AlphaFold si kosa, ila mfuko wake huenda umefumba, au umefunguka vingine kuliko unavyokuwa dawa ikiwamo, na toleo lake la 2 huchora protini bila visaidizi vyake na bila maji.

Sasa tumefika kwenye maandalizi, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine pote, kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibika bila mtu kuona. Eksirei kwa kawaida haionyeshi atomu za hidrojeni. Lazima mtu aziweke, na kuziweka ni kuamua chaji iko wapi. Programu itaziweka bila kuuliza, kwa kanuni ya jumla. Tazama matokeo yake kwa pairimethamini. Katika maji yenye pH inayokaribia ya damu, karibu nusu ya molekuli zake zimepokea protoni na nusu hazijapokea. Ndani ya mfuko wa DHFR, nitrojeni yake iitwayo N1 huwa imepokea protoni, ina chaji chanya, na inavutana na chaji hasi ya asidi ya aspatiki namba 54. Mvuto huo ndio nguzo ya mshiko wote. Kundi la amino lililo jirani nalo huishika aspatiki hiyo hiyo, na kundi la amino la upande wa pili hutoa hidrojeni kwa uti wa protini penye isolusini 14 na 164. Aliyeiacha pairimethamini bila chaji ameing'oa nguzo kabla ya kuanza, na programu haitamwambia. Kwa hiyo uliza: molekuli ziliandaliwa kwa pH gani, na mwenye kazi alizitazama moja moja, au aliliachia faili lipite? Histidini za protini nazo zina hali tatu zinazowezekana, na iliyo karibu na mfuko haichaguliwi kwa bahati nasibu.

Kisha uliza vilivyofutwa. Mafunzo mengi ya mwanzo humwambia mwanafunzi afute kila kitu kisicho protini kabla ya kupachika. Kwenye DHFR agizo hilo ni balaa, maana kisaidizi NADPH hukaa ubavuni mwa mahali pa dawa na sehemu yake ni ukuta wa mfuko. Ukikifuta unabaki na pango ambalo halipo katika kimelea kilicho hai, na molekuli kubwa zitakimbilia humo na kupata alama nzuri kupita zote. Nikiona picha ya molekuli iliyolala pale NADPH inapostahili kuwa, siendelei kusoma.

Maji ni suala gumu zaidi, na hapa ndipo fundi wa kweli anapojitenga na wengine. Baadhi ya molekuli za maji hupita tu. Nyingine ni sehemu ya mfuko. Katika protiesi ya VVU, ambayo umbo lake lilijulikana mwaka 1989, ipo molekuli moja ya maji inayokaa kati ya vifuniko viwili vya protini na dawa, ikishikilia pande zote. Ukiifuta bila kufikiri, dawa zinazoitegemea zitapachikwa vibaya. Lakini mwaka 1994 wanakemia wa kampuni ya DuPont Merck walichapisha molekuli za duara zilizotengenezwa makusudi ili kuyafukuza maji yale na kuchukua nafasi yake. Kwa hizo, ukiyaacha maji umezifungia mlango. Hakuna kanuni moja inayotosha, na ndiyo maana ripoti njema inataja kila molekuli ya maji iliyobakishwa na sababu yake. Protiesi hiyo hiyo ina aspatiki mbili, namba 25 ya kila upande, ambazo mara nyingi moja hubeba protoni na nyingine haibebi. Ripoti ikieleza jambo hilo, mwandishi wake anajua alichokishika.

Baada ya maandalizi kuna mtihani mdogo ambao haupaswi kukosekana: itoe dawa kwenye umbo lake, irudishe kwa programu, kisha pima atomu zake ziko mbali kiasi gani na zilipokuwa. Wastani ukiwa ndani ya angstromu 2, desturi ni kusema imefaulu. Wengi huishia hapo, na mimi huuona mtihani huo kuwa mwepesi mno. Mfuko ule ulikwisha kujitengeneza kuizunguka dawa ile ile. Mtihani wa haki ni kuchukua umbo lililopatikana na dawa moja, ukapachika dawa nyingine ambayo mkao wake unajulikana kutoka umbo jingine. Hapo alama za ufaulu hushuka ghafla, na mwandishi mkweli hukuonyesha zilivyoshuka.

Zipo sababu za kushuka huko ambazo kila mpimaji anapaswa kuzijua kwa mifano. Methotreksati, dawa ya saratani inayoziba DHFR ya binadamu, inafanana sana na molekuli ya asili ambayo kimeng'enya hicho huishughulikia. Mtu yeyote angetarajia zikae sawasawa. Maumbo ya eksirei yalionyesha kwamba pete ya methotreksati imegeuka nyuzi 180. Kwa hiyo anayekuambia mkao wake ni sahihi kwa kuwa unafanana na wa molekuli ya asili hajakupa ushahidi. Imatinibu, dawa ya saratani ya damu, ni somo jingine: huingia kwenye kimeng'enya kiitwacho kinasi ya Abl wakati kimeng'enya hicho kimelala, kipande chake kimoja kikiwa kimegeukia nje. Ukiipachika kwenye umbo la Abl iliyo kazini, pahali pake hapapo kabisa. Protini husogea, na programu nyingi huichukulia imeganda. Fundi anayelijua hilo hupachika kwenye maumbo kadhaa ya protini moja na kukuambia ni yapi yalikubali.

Ukifika hapo, fungua mkao ulioshinda kwenye skrini na uutazame kwa macho. Hakuna takwimu inayochukua nafasi ya kazi hii. Tafuta kila atomu ya molekuli inayopenda maji ambayo imefukiwa ndani bila wa kushikana naye; kila moja ni gharama ambayo alama mara nyingi haikuihesabu. Tafuta chaji iliyoingizwa penye mafuta matupu. Tafuta sehemu ya mafuta inayoning'inia nje majini. Angalia viungo vya amidi, ambavyo hupenda kuwa bapa, kama vimesokotwa. Angalia pete kama zimelazimishwa kukaa kwa namna ambayo molekuli huru isingekubali. Kisha jiulize kama mkao unashika vile vitu ambavyo dawa zote zinazofanya kazi hapo huvishika. Kwenye DHFR ya malaria, molekuli isiyoigusa aspatiki 54 inahitaji maelezo mazito, hata kama alama yake ni -11.

Ndipo turudi kwenye namba, ambazo husomwa kwa kilokalori kwa moli. Katika joto la kawaida, tofauti ya kilokalori 1.4 hivi kwa moli ni sawa na kushika mara kumi zaidi. Waundaji wa Vina, walipoitangaza mwaka 2010, waliripoti kosa la takriban kilokalori 2.85 walipolinganisha alama zake na vipimo vya maabara. Weka namba hizo mbili pamoja, kisha uitazame ripoti inayoshangilia kwamba -8.4 imeishinda -8.1. Hakuna ushindi hapo. Vilevile alama hupanda na ukubwa. Pairimethamini ina atomu 17 ukiacha hidrojeni. Rutini, inayopatikana katika mimea mingi, ina 43, na kila atomu ya ziada inayogusa ukuta huongeza kitu kwenye hesabu. Tuseme rutini imepata -9.5 na pairimethamini -8.0. Gawanya kwa atomu: rutini inapata 0.22 kwa kila atomu, pairimethamini 0.47. Tangu janga la UVIKO-19 mwaka 2020 zimetoka karatasi nyingi za aina hii, molekuli kubwa za mimea zikitajwa kuwa tiba kwa sababu tu zilikuwa kubwa. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa mwarobaini na mlonge wetu vinastahili uchunguzi wa kweli, na jedwali la alama haliwapi wagonjwa wetu chochote.

Swali linalofuata ni kama njia iliyotumika inaweza kutofautisha. Mwenye kazi achukue molekuli zinazojulikana kuziba protini ile, azichanganye na nyingi zaidi za mtego, zenye uzito na chaji kama hizo lakini zinazodhaniwa haziizibi, aone kama zile za kweli zinapanda juu. Mwaka 2012 lilitoka kusanyo liitwalo DUD-E lenye protini 102 kwa ajili ya mtihani huo. Likawa kipimo cha kila mtu, na mitandao ya neva ya akili bandia ikaanza kulifaulu kwa kiwango cha kushangaza. Mwaka 2019 watafiti wakaonyesha kwamba mitandao hiyo ilifaulu vilevile hata ikinyimwa protini. Ilikuwa imejifunza jinsi mitego ilivyochaguliwa, na mfuko haikuutazama. Tangu niusome utafiti ule, kila nikiona matokeo mazuri mno ya akili bandia huuliza kwanza: je, mliondoa protini mkaona kama alama zinaanguka?

Hali hiyo haijaisha. Programu mpya zinazobashiri mkao kwa akili bandia, kama DiffDock, zilitangaza kuzishinda zile za zamani kwa kipimo cha angstromu 2. Kisha watafiti wa Oxford wakatengeneza PoseBusters, chombo kinachoikagua mikao kwa sheria za kawaida za kemia: urefu wa viungo, pete kuwa bapa, atomu kutopenyana na protini. Mikao mingi ya programu hizo ilianguka, hasa kwenye protini zisizofanana na zile zilizofunzwa nazo, na Vina na GOLD zikaonekana imara zaidi. AlphaFold 3, iliyotoka mwaka 2024, imefanya vizuri zaidi ya zile, na nafurahi kuliona hilo. Lakini swali halibadiliki: protini iliyojaribiwa ilikuwa ngeni kwa programu, au programu ilikwisha kuona ndugu zake katika mafunzo?

Kuhusu njia za gharama zaidi, zinazohesabu tofauti ya nishati kwa kuigiza mwendo wa atomu zote pamoja na maji, nitasema machache. Zina msingi wa nadharia uliowekwa na Robert Zwanzig mwaka 1954, na kwa molekuli zinazofanana, kwenye umbo zuri, kosa lake linaweza kukaribia kilokalori moja. Ukizianzisha kwenye mkao usio sahihi zitakupa jibu baya kwa muda mrefu na umeme mwingi.

Mtihani ninaoupenda kuliko yote ni wa usugu. Vimelea vya Afrika Mashariki vilivyozoea SP vimebadilisha asidi amino za DHFR mahali pa 51, 59 na 108. Lililo kuu ni la 108: serini imekuwa asparajini, ambayo ni kubwa zaidi na inaisukuma atomu ya klorini iliyo kwenye pairimethamini. Mabadiliko yakirundikana, hadi lile la 164, mshiko wa dawa hupungua mamia ya mara. Molekuli iitwayo WR99210, yenye mnyororo laini katikati, hujikunja ikapita na kuendelea kushika. Mpe mtu maumbo mawili, la kimelea cha kawaida na la kimelea sugu, na molekuli hizo mbili, umwambie aonyeshe kwamba njia yake inaona tofauti hiyo. Akishindwa, na wengi hushindwa kwa kuwa protini yao imeganda, hana msingi wa kudai kwamba molekuli yake mpya itavishinda vimelea sugu. Watafiti wa Thailand na wenzao walilichukua somo hilo hadi mwisho. Waliunganisha kichwa cha pairimethamini na mnyororo laini, wakaweka mwishoni kundi la kaboksili linaloishika ajinini 122, ambayo kimelea hakiwezi kuibadilisha ovyo kwa kuwa nacho kinaihitaji. Molekuli hiyo, P218, ilichapishwa mwaka 2012, umbo lake ndani ya kimeng'enya likathibitishwa kwa eksirei, na imefika katika majaribio ya awali kwa binadamu. Waliangalia pia DHFR ya binadamu ili isizibwe, jambo ambalo ripoti nyingi hulisahau.

Umbo lile la eksirei linanipeleka kwenye kipimo cha mwisho: je, molekuli ilitengenezwa na kujaribiwa? Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya kupachika molekuli milioni 138 kwenye kipokezi cha dopamini cha D4. Watafiti walitengeneza na kupima 549, zikiwamo makusudi zenye alama za katikati na mbaya, wakaonyesha kwamba kadiri alama ilivyokuwa mbaya ndivyo zilizoshika zilivyopungua. Hao walijipa nafasi ya kuanguka. Ensitrelvir, dawa ya Japani ya UVIKO-19, nayo ilianza kwa uchujaji wa kompyuta kisha ikapita maabara. Na hata kipimo cha maabara kikaguliwe. Molekuli nyingi za mimea, kwasetini ikiwamo, hujikusanya majini kuwa matone madogo yanayonasa kila protini iliyo karibu, na kipimo husoma kwamba kimeng'enya kimezibwa. Kutia sabuni kidogo kama Triton X-100 huyavunja matone hayo. Ripoti iliyorudia kipimo chake na sabuni, ikaonyesha mkunjo kamili wa dozi, na kuambatisha faili za maandalizi pamoja na mipaka ya kisanduku ambamo programu ilitafuta mkao, inaweza kurudiwa na mtu mwingine Morogoro au Nairobi kwa kompyuta ya kawaida, maana Vina haiuzwi.